Maswali ya wasomaji: Arthur Lewis, karani wa miaka 14 aliyekuja kuongoza chuo kikuu

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu kuhusu Arthur Lewis, kwamba alikuwa mchumi kutoka kisiwa kidogo cha Saint Lucia kule Karibi, alianza kazi ya ukarani akiwa bado mtoto na baadaye akaongoza chuo kikuu, basi nikapita zangu. Meseji zilizokuja sikuzitegemea. Kuna waliouliza alisomaje, kuna waliotaka nadharia yake ielezwe kwa lugha ya kawaida, kuna mwalimu mmoja aliyeandika kurasa 3 nzima kwa mkono. Kwahiyo safu yote ya leo ni yake. Barua nimezifupisha na majina nimeyaacha kama mlivyoomba.

Habari za kazi. Umesema huyu Lewis alikuwa karani akiwa bado mtoto, ilikuwaje tena mtoto awe karani? Wazazi walikuwa wapi? – Mama wa watoto watatu

Nzuri mama, asante kwa kuuliza. Lewis alizaliwa tarehe 23 Januari 1915 mjini Castries, ndo mji mkuu wa Saint Lucia, na kisiwa chenyewe ni kidogo, kilomita za mraba 600 na kidogo, wakati huo koloni la Waingereza. Wazazi wake wote wawili walikuwa walimu waliohamia pale wakitokea kisiwa cha Antigua. Watoto walikuwa 5, wote wa kiume, yeye wa nne.

Alipokuwa na miaka 7 akaugua, akakaa nyumbani wiki kadhaa bila kwenda shule, baba yake akaona huyu mtoto atabaki nyuma, akaamua amfundishe mwenyewe. Miezi 3 tu ya kufundishwa na baba ikawa sawa na miaka 2 ya shule, aliporudi wakamtoa darasa la 4 wakamweka la 6. Halafu akiwa bado na miaka hiyo hiyo 7 baba akafariki. Mama, Ida, akabaki peke yake na wavulana 5, mdogo kabisa ana miaka 5 na mkubwa ana 17. Lewis alipokuja kuandika habari za maisha yake uzeeni alisema hajapata kukutana na mtu mwenye nidhamu na mchapakazi kama mama yake, na juu ya hayo alikuwa mpole na mwenye upendo, na wote watano aliwafikisha. Mama, najua una watatu, kwahiyo hesabu hiyo unaielewa kuliko mimi.

Sasa kule kurushwa madarasa kulikuwa na bei yake. Kuanzia hapo mpaka anafika miaka 18 alikuwa anasoma na kufanya kazi na watu waliomzidi miaka 2 au 3, kwa mwili alikuwa mdogo kuliko wote, akajiona mnyonge sana, na anasema ndo kilichomfundisha mapema kwamba alama za juu siyo kila kitu. Akiwa na 14 alikuwa amemaliza masomo yote ambayo shule ilikuwa nayo. Hatua iliyofuata ilikuwa mtihani wa skolashipu ya serikali ya kwenda chuo Uingereza lakini umri hauruhusu, mpaka 1932. Afanye nini miaka yote hiyo? Akaajiriwa ukarani serikalini. Alijifunza kuandika vizuri, kupiga taipu, kupanga mafaili, kuwa mtu wa utaratibu. Kitu alichojutia ni kwamba ile ndo miaka ya kijana kusoma historia na fasihi, na yeye ilimpita akiwa kwenye makabati ya mafaili.

Shikamoo. Mi nilitaka uhandisi tangu niko mdogo, matokeo yametoka nimepangiwa kozi ya biashara, nimekaa nalia wiki nzima. Rafiki yangu kanitumia ukurasa wako akaniambia hata huyo Lewis alitaka uhandisi. Ni kweli au ananibembeleza tu? – Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

Marahaba mwanangu. Rafiki yako kasema kweli.

Mwaka 1932 Lewis alifanya ule mtihani akashinda skolashipu, halafu akajikuta hajui asomee nini. Alikuwa anataka uhandisi. Shida ni kwamba kwenye makoloni ya Waingereza kulikuwa na ubaguzi wa rangi wa wazi kabisa kwenye ajira, serikali haiajiri mhandisi mweusi, na makampuni ya wazungu hayamwajiri pia, kwahiyo unasoma miaka yote unarudi nyumbani unakaa. Vijana weusi waliopata nafasi walikimbilia sheria au udaktari kwa sababu huko mtu anaweza kujitegemea bila kusubiri serikali impe kazi. Yeye hakutaka uwakili, hakutaka udaktari, hakutaka ualimu. Mwisho akachagua biashara, akafikiria atarudi Saint Lucia apate kazi manispaa au kwenye biashara za watu binafsi. Mwaka 1933 akaingia London School of Economics kusomea digrii ya biashara, ndani yake kuna uhasibu, uendeshaji wa biashara, sheria za biashara, na kipande kidogo cha uchumi na takwimu. Kwa maneno yake mwenyewe wakati ule hakujua uchumi ni kitu gani.

Hicho kipande kidogo ndo kikamchukua. Alimaliza 1937 na daraja la kwanza, chuo kikampa hela za kusoma udaktari wa falsafa, 1938 kikampa kazi ya kufundisha mwaka mmoja, jambo ambalo kwa vyuo vya Uingereza vya wakati ule lilishtua watu, mtu mweusi amesimama mbele ya darasa la London anafundisha, na mwaka uliofuata wakamwongeza mkataba wa miaka 4 wa mhadhiri msaidizi. Ilipofika 1948, akiwa na miaka 33, alikuwa profesa kamili Chuo Kikuu cha Manchester.

Lakini sikwambii haya ili uone kukataliwa ni baraka. Kukataliwa kule kulikuwa dhuluma, na kisiwa kizima kilikosa mhandisi. Ninachotaka uone ni kitu kingine ambacho watu wengi wanaosimulia maisha yake wanakiruka. Mwaka 1961, Lewis akiwa ndo kiongozi wa chuo kikuu cha visiwa vya Karibi, kitivo cha uhandisi kilianzishwa kwenye kampasi ya St Augustine, Trinidad. Hebu irudie taratibu. Kijana aliyeambiwa usijisumbue na uhandisi maana hakuna atakayekuajiri, miaka kama 30 baadaye yupo juu ya chuo kinachofungua mlango huo huo kwa vijana wa kwao, wasome hapo hapo nyumbani. Mi kila nikifika hapo kwenye habari zake huwa nasimama kwanza.

Dada, hiyo nadharia yake iliyompa jina inasemaje? Nimejaribu kusoma nikakutana na mahesabu nikafunga. Nielezee kama unavyomwelezea mtu sokoni. – Muuza nguo

Nitajaribu, mdogo wangu, na usiogope manake makala yake yenyewe ya 1954 imejaa maneno kuliko mahesabu, ndo uzuri wake.

Lewis alikuwa na maswali 2 yaliyomsumbua miaka. La kwanza, kwa nini anayelima kahawa anapata kidogo sana ukimlinganisha na anayetengeneza chuma, na wote wanatoka jasho? Majibu ya darasani yalikuwepo lakini hayakumwingia. La pili, Uingereza ilipoanza mapinduzi ya viwanda, kwa karibu miaka 50 ya mwanzo mishahara halisi ya wafanyakazi ilikaa pale pale huku faida na akiba za wenye viwanda zinapanda tu, sasa inawezekanaje? Siku moja Agosti 1952 yuko Bangkok anatembea zake barabarani, ghafla ikamjia kwamba maswali yote mawili jibu lake ni moja.

Jibu lenyewe liko hivi. Chukua nchi ambayo watu wengi wako shambani kwenye vipande vidogo vya ardhi. Familia ya watu 6 wanalima shamba ambalo watu 4 wangelimaliza vizuri tu, wawili wakiondoka mavuno hayatikisiki sana, na chakula wanachopata wanagawana wote. Wala siyo shambani peke yake, aliwataja pia vijana wanaokimbilia kukubebea mzigo bandarini, vibarua wa bustani, wachuuzi wadogo wadogo, watumishi wa majumbani, yaani wapo wengi kuliko kazi iliyopo. Sasa mtu akifungua kiwanda mjini hana haja ya kulipa mshahara mkubwa. Anatakiwa azidishe kiasi tu juu ya kile mtu anachokipata kwao, Lewis alikadiria kama asilimia 30 hivi au zaidi, ili mtu ashawishike kuacha kwao na kuvumilia maisha ya mjini. Watu watakuja, na nyuma yao wapo wengine wanasubiri, kwahiyo mshahara haupandi hata kiwanda kikikua. Faida anabaki nayo mwenye kiwanda, na akiirudisha kwenye kiwanda badala ya kuila anaajiri wengine, wanatoka wengine shambani, hivyo hivyo mpaka siku watu wa ziada wanakwisha. Hapo ndo mishahara inaanza kupanda. Umeshapata jibu la Uingereza.

Na kahawa? Mkulima wa kahawa, kipato chake kinashikiliwa na kile ambacho angepata kama angeacha kahawa akalima chakula. Kama shamba la chakula linatoa kidogo, basi hata akijitahidi akavuna kahawa mara mbili bei itashuka, atakayefaidi ni mnywaji kule mbali. Dawa yake ni kuinua mavuno ya chakula. Ukimfanya mkulima aweze kuvuna chakula kingi, hatakubali tena kulima kahawa kwa bei ya kutupa. Mi nadhani hiki ndo kipande muhimu kuliko vyote kwenye kazi yake na ndo ambacho viongozi wengi walikisoma harakaharaka, waliona neno viwanda wakafunga kitabu, wakati mwenyewe alikuwa anasisitiza shamba la chakula.

Kuna namba nyingine ya kukumbuka. Alisema swali la katikati kabisa la maendeleo ni kuelewa nchi iliyokuwa inaweka akiba na kuwekeza asilimia 4 au 5 ya pato lake inageukaje mpaka inaweka asilimia 12 hadi 15. Wewe mwenye biashara unaelewa, ni tofauti ya anayekula mtaji na anayeukuza, ila hapa ni nchi nzima.

Walimpinga? Sana. Aliyempinga kwa nguvu ni mchumi wa Marekani Theodore Schultz, yeye alisema hakuna mkulima wa ziada, kila mkono shambani una kazi, na akaonyesha India ilivyokuwa baada ya homa kubwa ya mafua ya 1918 na 1919, watu walipokufa kwa wingi na kilimo kikashuka. Mwaka 1979 Tuzo ya Nobeli ya uchumi walipewa hao wawili pamoja, Lewis na Schultz. Naupenda sana uamuzi ule, manake wote wawili waliwachukulia wakulima maskini kama watu wa kuchunguzwa kwa akili zote, wakati wachumi wengi hata hawakuwatazama.

Ni kweli aliwahi kufanya kazi na Nkrumah? Waligombana? – Msomaji wa siku nyingi

Kweli kabisa. Mwaka 1953 aliandikia serikali ya Gold Coast, ndo Ghana ya baadaye, ripoti kuhusu viwanda, na walioitegemea iseme jengeni viwanda upesi walikuta inasema anzeni na kilimo cha chakula kwanza. Ghana ilipopata uhuru 1957 akaenda kuwa mshauri wa uchumi wa Waziri Mkuu Kwame Nkrumah. Hakumaliza hata miaka 2, mwishoni mwa 1958 akaondoka. Tatizo lilikuwa matumizi, Nkrumah alikuwa na miradi mikubwa aliyoiona ni ya lazima kisiasa na Lewis alikuwa anasema hela hizi hazitoshi kwa vyote hivi. Sipendi kumfanya mmoja shujaa na mwingine mjinga hapa, kiongozi wa nchi changa ana presha ambazo mshauri hana. Baadaye, 1965, Lewis aliandika kitabu kuhusu siasa za Afrika Magharibi akakataa mfumo wa chama kimoja, akasema nchi yenye makabila na dini nyingi inahitaji serikali ya kushirikiana, kila kundi lipate kiti. Wakati ule kusema hivyo haikuwa fasheni.

Ndugu mwandishi, mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha miaka mingi. Mnasifia Nobeli lakini hamsemi chochote kuhusu uongozi wake wa chuo. Mchumi anajua nini kuhusu kuendesha chuo kikuu? Na je alifanikiwa? Naomba jibu refu. – Mwalimu mstaafu

Shikamoo mwalimu. Umenishika pabaya, ni kweli tunairuka sehemu hiyo, na mimi ni mmoja wao. Jibu refu nitakupa kwa moyo wote.

Kwanza chuo chenyewe, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha West Indies, jina ambalo Waingereza waliviita visiwa vile vya Karibi. Kilianza 1948 pale Mona, Kingston, Jamaica, kikiwa na wanafunzi 33, wote wa udaktari wa tiba. Sehemu yenyewe zamani yalikuwa mashamba ya miwa, halafu wakati wa Vita vya Pili Waingereza wakajenga kambi ya mbao ya kuwahifadhi watu waliohamishwa kutoka Gibraltar, na kwenye mabanda hayo ndo chuo kikaanzia. Hakikuwa chuo kikuu kamili. Kilikuwa chuo kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha London, digrii zinatoka London, mtindo ule ule waliouweka Makerere, kwahiyo wewe mwalimu wa umri wako utaujua vizuri.

Lewis alipewa ukuu wa chuo 1959. Alikuwa mtu wa kwanza mzaliwa wa visiwa vile kukaa kwenye kiti hicho, waliotangulia walitoka Uingereza. Na alikuta mambo mawili yanakimbia kwa pamoja. Visiwa 10 vilikuwa vimeungana 1958 kuwa Shirikisho la West Indies, na chuo kilikuwa ndo kitu kimoja cha wazi ambacho wote wanakimiliki. Pia kilikuwa kidogo mno, kiko Jamaica, na mzazi wa Trinidad au Barbados kumpeleka mtoto Mona ni kumvusha bahari.

Hapa ndo uchumi wake ulipoingia kazini mwalimu, na ndo jibu la swali lako la kwanza. Mchumi wa aina yake anajua kwamba kisiwa cha watu laki moja hakiwezi kuwa na kitivo chake cha udaktari, chake cha uhandisi, chake cha kilimo, gharama zitakimaliza, lakini visiwa 10 vikichanga pamoja inawezekana. Kwahiyo 1960 chuo cha kilimo cha kitropiki kilichokuwepo St Augustine, Trinidad, ambacho kilikuwa cha dola ya Waingereza kikifundisha maofisa wao wa kilimo wa makoloni, kikaunganishwa na chuo cha Lewis kikawa kampasi ya pili. Kwa ghafla chuo kikawa na kilimo, na mwaka uliofuata ukaanzishwa uhandisi nilioutaja kwa yule mwanafunzi. Alipanua sanaa na sayansi ya jamii, na akaweka masomo ya jioni kwa watu walioajiriwa. Hilo la jioni nalipenda sana kwa sababu yeye mwenyewe aliingia ofisini na miaka 14 na alijua mtu anaweza kuwa na akili zote na bado mchana wake ni wa mwajiri.

Alikuwa na wasiwasi mwingine pia ambao aliuandika miaka ile, kwamba kwenye nchi maskini msomi anakuwa ghali mno, mshahara wake uko mbali sana na kipato cha mtu wa kawaida, kwahiyo nchi inashindwa kuajiri walimu na wataalamu wa kutosha. Dawa ni kuwazalisha wengi mpaka elimu iache kuwa kitu cha wachache wenye bei. Kwahiyo kupanua chuo kwake haikuwa sifa, ilikuwa ni hesabu ile ile ya makala ya 1954, watu wapo, uwezo upo, kinachokosekana ni mahali pa kuwageuza.

Sasa lile la kuumiza. Septemba 1961 Jamaica ikapiga kura ya maoni, wananchi wakaamua kutoka kwenye shirikisho. Eric Williams, kiongozi wa Trinidad, akasema neno lililobaki kwenye historia, kwamba ukitoa moja kwenye kumi inabaki sifuri, na Trinidad nayo ikajitoa. Lewis alihangaika kuviokoa visiwa 8 vilivyobaki viungane vyenyewe, akawa anazunguka kwa viongozi mmoja mmoja, anaongea, anapatanisha. Haikufaulu. Mei 1962 shirikisho likavunjwa rasmi, Agosti Jamaica na Trinidad wakapata uhuru kila mtu na bendera yake.

Na katikati ya mavunjiko hayo, mwaka ule ule 1962, chuo kikapata hati yake ya kifalme, kikaachana na London, kikawa Chuo Kikuu cha West Indies kinachotoa digrii zake chenyewe, na Lewis akawa makamu mkuu wake wa kwanza. Hebu fikiria mwalimu. Serikali ya pamoja imekufa, bendera ya pamoja imeshushwa, na chuo cha pamoja ndo kinazaliwa kuwa kikubwa. Mwaka 1963 kampasi ya tatu ikafunguliwa Barbados. British Guiana, ndo Guyana ya leo, peke yake ndo ilijitenga ikaanzisha chuo chake, na hata huko Lewis alikuja kuwa mkuu wa heshima kuanzia 1967 hadi 1973, hakununa. Visiwa vile mpaka leo vinatumia chuo kimoja. Sisi huku Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilizaliwa 1963 na 1970 kikagawanywa vipande 3, kwahiyo unajua ninachoongelea, kukibakisha kimoja siyo jambo linalotokea lenyewe.

Umeuliza kama alifanikiwa. Mimi nasema ndiyo, na nasema zaidi, kwamba miaka ile 4 ni kazi kubwa kuliko Nobeli. Makala ya 1954 hata asingeiandika yeye, mchumi mwingine angeweza kufika karibu na hapo baada ya miaka kadhaa. Lakini chuo kile kingepasuka 1962 pamoja na shirikisho, hakuna ambaye angekishona tena.

Kama alikuwa anafanya vizuri hivyo mbona aliondoka mapema? – Karani wa benki

Alikaa hadi 1963. Mwaka huo akapewa hadhi ya Sir, na akahamia Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, akafundisha huko mpaka alipostaafu 1983. Habari ya shirikisho ilimkaa rohoni, 1965 alichapisha kijitabu kuhusu yale mazungumzo ya visiwa 8, na jina alilokipa linazungumzia uchungu wa wale wanane, ukilisikia tu unajua mtu aliumia. Ila usifikiri aliwakimbia watu wake. Ilipoanzishwa Benki ya Maendeleo ya Karibi, makao makuu Barbados, aliyeitwa kuwa rais wake wa kwanza ni yeye, akaacha Princeton akaenda kuijenga kuanzia 1970 hadi 1973 halafu akarudi darasani. Kwahiyo wewe wa benki una lako pia hapo.

Nimesikia kisiwa chao kina Nobeli mbili, ni kweli? Na yeye amekumbukwaje? – Kijana wa kidato cha nne

Kweli mwanangu, na tena kuna kitu cha kushangaza. Nobeli ya pili ni ya mshairi Derek Walcott, ya fasihi, 1992. Na Walcott naye alizaliwa Castries, tarehe 23 Januari, 1930, siku ile ile ya Lewis ila miaka 15 baadaye, na wote wawili walisoma shule moja pale mjini, St Mary's College. Walcott alisoma Mona pia. Kila Januari kisiwa kizima kinawaadhimisha pamoja. Lewis mwenyewe alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata Nobeli isiyokuwa ya amani, waliomtangulia, akina Ralph Bunche, Albert Luthuli na Martin Luther King, wote walipewa ya amani.

Sura yake iko kwenye noti ya dola 100 ya Karibi Mashariki. Alifariki Barbados tarehe 15 Juni 1991 akiwa na miaka 76. Mwili ukarudishwa kwao, na kaburi lake halipo kwenye makaburi ya viongozi, liko kule kilimani Morne Fortune, juu ya mji wa Castries, ndani ya uwanja wa chuo chenye jina lake, ambako vijana wa Saint Lucia wanaanzia masomo yao baada ya sekondari.